SOMO LA AFYA: Kabla ya Kudungwa Sindano ya Kupunguza Uzani

Je, umeona mtandaoni tangazo la kichupa cha dawa ya kupunguza uzani, "iliyochanganywa na mfamasia Marekani"? Soma haya kabla ya kutuma pesa.

Dawa yenyewe ni ipi?
Ni semaglutaidi, iliyomo katika Ozempic na Wegovy. Marekani iliidhinisha Ozempic mwaka wa 2017 kwa kisukari cha aina ya pili, na Wegovy mwaka wa 2021 kwa kupunguza uzani. Hupunguza hamu ya kula.

Dawa ya kuchanganywa ni nini?
Ni ile ambayo mfamasia huitayarisha mwenyewe, mathalani kwa mgonjwa asiyeweza kumeza tembe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haiikagui kabla ya kuuzwa. Semaglutaidi ilipoadimika mwaka wa 2022, famasia za huko zilipata nafasi ya kutengeneza nakala zake. Februari 2025, FDA ilitangaza kuwa uhaba umekwisha, na nafasi hiyo ikafungwa kufikia Mei. Kwa hivyo, usikubali kuambiwa tu kwamba "Marekani inaruhusiwa."

Hatari iko wapi?
Iko katika kipimo. Kalamu ya kiwandani hukupimia dawa, kichupa unajipimia. Chukua mfano wa kichupa chenye miligramu 5 kwa kila mililita. Kipimo cha kuanzia, miligramu 0.25 kwa wiki, ni alama ya 5 kwenye bomba la insulini la alama 100. Ukivuta hadi alama ya 50, umejidunga mara kumi. FDA ilipokea ripoti za watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo chao. Baadhi walilazwa hospitalini.

Ufanye nini?
1. Muone daktari kwanza. Mweleze iwapo una mimba, au kama kuna saratani ya dundumio katika familia.
2. Nunua katika duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu (PPB), kwa maagizo ya daktari.
3. Kataa kichupa kisicho na jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi.
4. Ukitapika mfululizo au kuzirai baada ya sindano, nenda hospitali iliyo karibu na ubebe kichupa hicho. Usingoje nyumbani: dawa hii hukaa mwilini kwa wiki kadhaa.