SOMO LA AFYA KAZINI: UKITIBIWA KWA ANTIBIOTIKI YA MSHIPA



Somo hili limeandikwa ili lisomwe katika kikundi, pole pole, sehemu moja baada ya nyingine. Anayejua kusoma awasomee wenzake. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

Tuanze na mfano. Mkata miwa amejikata mguu kwa panga. Jeraha ni dogo, analifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi, maana kipande hakijaisha. Siku ya tatu mguu umevimba na unawaka moto, mtoki umemtoka kinenani, na usiku anatetemeka kwa homa. Zahanati ya shamba inampeleka hospitali. Huko mganga anaamua apewe antibiotiki kwa mshipa.

Wengi wetu tukifika hapo tunajiona hatuna kazi tena isipokuwa kulala na kunyoosha mkono. Hilo ni kosa. Mganga ana kazi yake, mwuguzi ana kazi yake, na mgonjwa naye ana kazi yake. Kazi ya mgonjwa ni tatu: KUSEMA kabla ya dawa kuingia, KUANGALIA inapoingia, na KUMALIZA kama alivyoandikiwa. Somo letu ni hayo matatu.

SEHEMU YA KWANZA: KWA NINI MSHIPA?

Antibiotiki ni dawa za kuua vijidudu vinavyoitwa bakteria, au kuvizuia visizaane. Bakteria ndio wanaoleta usaha katika jeraha, aina nyingi za kichomi, na homa ya matumbo. Antibiotiki haziui virusi vya mafua wala surua. Wala si dawa ya malaria: malaria kali hutibiwa kwa sindano ya mshipa pia, lakini dawa yake ni nyingine. Basi si kila kinachoning'inia juu ya kitanda ni antibiotiki. Pengine ni maji ya chumvi au ya sukari tu. Uliza ni nini.

Dawa hupitishwa katika mshipa kwa sababu maalumu: ugonjwa ni mkali na dawa inatakiwa ifike haraka, au mgonjwa anatapika na hawezi kumeza, au dawa yenyewe haifai kumezwa. Seftriaksoni, ambayo kichupani huandikwa ceftriaxone, hutumika sana katika hospitali zetu na haina kidonge. Jentamisini nayo ikimezwa hainyonywi tumboni kiasi cha kutosha kuingia katika damu.

Kuna imani kambini kwamba sindano daima ina nguvu kuliko kidonge, na kwamba mganga anayetoa vidonge hamjali mgonjwa. Imani hiyo inatudhuru. Kwa magonjwa mengi kidonge kinatosha, na hakimtoboi mtu ngozi. Tena, mgonjwa aliyeanza na sindano akipata nafuu na kuweza kula, mara nyingi mganga humhamishia kwenye vidonge. Usinung'unike, hiyo ni dalili kwamba matibabu yanakwenda vizuri. Lakini yako magonjwa, kama homa ya uti wa mgongo, yanayohitaji dawa ya mshipa kwa siku nyingi zaidi. Mwenye kuamua ni mganga.

SEHEMU YA PILI: KABLA YA DAWA KUINGIA, SEMA

Kidonge kibaya mtu anaweza kukitema. Dawa iliyokwisha kuingia mshipani haitemeki. Katika muda mfupi imefika moyoni na kuenea mwilini kote. Ndiyo maana mambo yafuatayo husemwa kabla, hata kama hukuulizwa:

1. Kama dawa yoyote imewahi kukudhuru: ukatokwa na vipele, ukavimba midomo au uso, ukabanwa na pumzi. Huo huitwa mzio. Aliyedhuriwa na penisilini lazima aseme, kwa kuwa ampisilini na kloksasilini ni za ukoo huo huo, na seftriaksoni ni jamaa yao wa mbali.
2. Kama una mimba au unanyonyesha.
3. Kama una ugonjwa wa figo, ini au pumu.
4. Dawa nyingine zote unazotumia, hata za mitishamba, hata zile ulizonunua dukani na kunywa nusu.

Kisha uliza jina la dawa, na uombe liandikwe katika cheti chako. Siku ukihamishiwa hospitali nyingine, au dawa ikikukataa, cheti hicho kitakusemea.

Unayo haki pia ya kutazama. Bomba la sindano na sindano yake vitoke katika pakiti mpya, ifunguliwe mbele yako. Mwuguzi asafishe mikono, na apanguse ngozi kwa dawa kabla ya kuchoma. Kama ni unga wa kichupani, uchanganywe kwa maji safi ya sindano. Hapa kuna hatari mbili za kujua kuhusu seftriaksoni. Ile iliyochanganywa na dawa ya ganzi ni ya msuli tu, isiingizwe kamwe katika mshipa. Na isichanganywe na maji yenye kalsiamu, kama yale yanayoitwa Ringer, maana huganda chembechembe. Kwa mtoto mchanga jambo hilo limewahi kuua. Si kazi yako kuchanganya dawa, lakini kuuliza kwa adabu si kosa: "Dada, dawa hii inaruhusiwa kuingia pamoja na maji haya?" Mwuguzi mzuri hachukii swali.

Sasa neno juu ya wale wanaopita kambini jioni na mkoba wa sindano. Bei yao ni ndogo na hawana foleni. Lakini hujui bomba hilo lilimchoma nani jana. Sindano iliyotumika hupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Kuichemsha katika sufuria nyumbani hakutoshi. Na dawa ikikukataa saa mbili usiku chumbani kwako, mtu huyo hana cha kukuokoa.

SEHEMU YA TATU: DAWA INAPOINGIA, ANGALIA

Mzio mkali huanza mara nyingi katika dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa moja kupita. Kwa hiyo baada ya dozi ya kwanza usiondoke mbio kuwahi gari la shamba. Kaa hapo hapo angalau nusu saa.

Ita kwa sauti, papo hapo, ukiona hata moja kati ya haya: kuwashwa mwili mzima, vipele vinavyotokea ghafla, kuvimba midomo, ulimi au macho, kifua kubana, sauti kukauka, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio. Usione haya, na usingoje uone kama itapita. Mwuguzi ataisimamisha dawa na kuchoma adrenalini pajani. Katika jambo hili kila dakika ina thamani. Jirani wa kitanda naye amwangalie mwenzake, maana mgonjwa pengine hana nguvu ya kuita.

Angalia pia mahali palipochomwa. Pakivimba, pakiuma au pakiwa baridi na kukaza, huenda dawa inamwagika nje ya mshipa. Pakiwa pa moto, pakitoa usaha, au mshipa ukiwa mgumu kama kamba kuelekea juu ya mkono, basi mshipa umeungua au umeingiwa na vijidudu. Mwambie mwuguzi, kanula iondolewe. Kanula ni kile kibomba chembamba kinachoachwa ndani ya mshipa.

Usiguse gurudumu la kuongeza au kupunguza mwendo wa dawa. Wako wanaolifungua ili dawa iishe upesi waende zao. Mwendo umepangwa kwa sababu.

SEHEMU YA NNE: UKIRUDI NYUMBANI NA KANULA MKONONI

Pengine utaruhusiwa kulala nyumbani na kurudi kila siku, hasa kwa seftriaksoni, ambayo mara nyingi hutolewa mara moja kwa siku. Kumbuka kwamba kanula ni mlango ulioachwa wazi katika damu yako. Ulinde.

Usiuloweshe. Usishike jembe wala panga, usibebe kikapu cha chai, usiingie kwenye pamba au vumbi la mkonge. Usimruhusu mtu mwingine yeyote kupitisha kitu humo. Ikichomoka, bana mahali hapo kwa kitambaa safi mpaka damu ikatike, kisha rudi kituoni; usiirudishe mwenyewe. Ukipata homa mpya ya kutetemeka, nenda usiku huo huo.

Rudi saa ile ile kila siku. Ukichelewa, sema ukweli. Usiombe dozi mbili kwa pamoja ili kufidia.

Yako madhara mengine yanayokuja pole pole. Jentamisini inaweza kudhuru figo na masikio: mlio masikioni, kupungukiwa kusikia, kuyumba, au mkojo kuwa kidogo ni mambo ya kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wa viwanda vyenye kelele, msidhani ni mashine tu. Na antibiotiki yoyote inaweza kuleta kuhara. Ukihara maji mara nyingi, au kwa damu, hata majuma kadhaa baada ya dawa kwisha, rudi hospitali. Usinunue dawa ya kuzuia kuhara.

SEHEMU YA TANO: MALIZA

Mwezi Februari 1941, katika mji wa Oxford, Uingereza, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa anakufa kwa usaha uliotapakaa usoni na mapafuni. Wataalamu wakamchoma penisilini mshipani, dawa iliyokuwa mpya kabisa duniani. Kwa siku chache homa ilishuka na akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo mno, hata wakawa wanaitoa tena katika mkojo wake ili wamchome upya. Ikaisha kabla ugonjwa haujaisha. Vijidudu vilivyobaki vikarudi, na tarehe 15 Machi 1941 akafariki.

Polisi yule alikatizwa dozi kwa sababu dawa haikuwapo. Sisi dawa ipo, tunajikatiza wenyewe. Tumrudie mkata miwa wetu. Siku ya tatu homa imeshuka, mguu umepungua, na kesho ni siku ya kuandikisha vipande. Anajisemea, "Nimepona." Hajapona. Amepata nafuu. Kati ya maneno hayo mawili kuna vijidudu vingi bado vi hai mguuni mwake.

Idadi ya siku za dawa huamuliwa na anayekutibu. Haiamuliwi na nyapara, wala mfuko, wala jinsi unavyojisikia asubuhi. Mganga anaweza kuifupisha akiona inafaa, wewe usiifupishe. Na usidai iongezwe. Antibiotiki zikitumika ovyo, bila haja au kwa namna isiyo sahihi, vijidudu huzizoea na kuwa sugu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa zinazotakiwa kutumiwa kwa uangalifu. Tukiipoteza, wanetu watakosa dawa kwa jeraha dogo la panga.

SEHEMU YA SITA: MSHAHARA NA SHERIA

Ni rahisi kumwambia mtu "maliza dozi". Anayelipwa kwa kilo au kwa kipande anajua kwamba siku ya hospitali ni siku ya njaa. Kwa hiyo jambo hili la afya ni jambo la chama pia.

Sheria za nchi zetu jirani zinatambua likizo ya ugonjwa. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo hupata angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyetimiza miezi sita ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Uganda, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, aliyetimiza mwezi mmoja kazini hulipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Hicho ni kiwango cha chini. Mkataba wa chama unaweza kuleta zaidi.

Lakini haki hizo zinataka ushahidi. Toa taarifa mapema, chukua cheti cha mganga aliyesajiliwa, na uweke nakala. Mwenye mkoba wa sindano hawezi kukupa cheti hicho. Na jeraha la kazini liandikwe katika kitabu cha ajali siku ile ile, hata likiwa dogo kama ukucha, maana fidia ya ajali ni haki nyingine, mbali na likizo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Taja mambo manne ambayo mgonjwa husema kabla ya kupewa dawa ya mshipa. Nani kati yetu ana mzio, na je, umeandikwa katika cheti chake?
2. Zahanati ya shamba au kiwanda chetu ina adrenalini? Ina mabomba mapya ya kutosha, na sanduku la kutupia sindano zilizotumika? Nani atakwenda kuuliza, na lini?
3. Mwenzetu ameambiwa arudi hospitali siku saba, naye anataka kurudi kazini siku ya tatu. Tumsaidieje asikatize?
4. Mkataba wetu unasema nini juu ya siku za ugonjwa kwa kibarua wa msimu? Kama hausemi kitu, jambo hilo liandikwe leo, lipelekwe kwenye mkutano wa tawi.