Msafiri wa Kazi na Mji Anaoupita: Somo Kutoka Nathari ya Safari, kwa Mfano wa Eldoret

Makala haya yanachunguza swali ambalo halijapewa uzito unaostahili katika fasihi ya Kiswahili: mtu aliyetumwa kazi ugenini hupata wapi muda wa kuujua ugeni wenyewe? Kwa mfanyabiashara hili ni swali la ratiba tu. Kwa mwanafasihi ni swali la utanzu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nathari ya mwanzo ya safari katika Kiswahili ilitokana na watu waliokuwa njiani kwa shughuli, si kwa matembezi.

Mfano ulio wazi ni mkusanyiko wa Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*, uliochapishwa Göttingen mwaka 1901. Humo mna simulizi ya Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akimtumikia Mjerumani aitwaye Bumiller. Mtumishi hachagui njia wala kituo, lakini habari zilizobaki ni zake, si za bwana wake. Mna pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kichwa cha simulizi yake kinataja kwanza safari ya Udoe hadi Uzigua, kisha kinaongeza "na" habari za Wadoe na mila yao. Kiunganishi hicho kidogo ndicho kiini cha hoja ya makala haya: mwandishi alijua kwamba kupita katika nchi na kuijua ni mambo mawili, akayatafutia yote mawili nafasi.

Ikumbukwe kwamba Velten ndiye aliyewahimiza waandishi hawa kuandika, na kwa hiyo udadisi wa Mjerumani umeacha alama yake. Hata hivyo, mtu hawezi kuhimizwa akaeleza asichokiona.

Tofauti inadhihirika tukimweka kando yao Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ilichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alikanyaga nchi nyingi kuliko Mtoro, lakini jicho lake liko kwenye pembe, bei, madeni na vita. Hatuwezi kusema alikosa muda. Misafara ya bara ilikuwa na kungoja kwingi: kungoja wapagazi, chakula, mvua ipite, hongo ikubaliwe (na hongo enzi hizo ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, kabla neno halijaharibika). Kungoja huko kulikuwa kwa wote. Mmoja alikutumia kuhesabu pembe, mwingine kuuliza watu huzikanaje.

Somo hili lina uzito wa pekee Eldoret, mji unaopokea wageni wengi wa kitaaluma kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Moi na, tangu 2013, Chuo Kikuu cha Eldoret. Mtahini wa nje au mtoa mada katika kongamano hushuka uwanja wa ndege, hupelekwa hotelini, ukumbini, kisha hurudishwa uwanjani. Huenda akakaa siku mbili akijadili utohozi bila kujua kwamba mji aliolala una mfano bora wa utohozi kuliko ile iliyomo katika mada yake. Mwaka 1910 posta ilianzishwa kwenye shamba namba 64 la walowezi, na wenyeji wakaitohoa nambari hiyo ya Kiingereza kuwa Sisibo. Konsonanti zilizosongamana zimeondolewa, na f imegeuka b kwa kuwa Kikalenjini hakina f. Kiswahili kingeihifadhi f hiyo, kama kinavyofanya katika faili na foleni. Jina rasmi la Eldoret, lililopewa mji mwaka 1912, lina asili ya Kimaasai inayohusishwa na mto wenye mawe, yaani Sosiani, unaopita katikati ya mji hadi leo. Mji wenyewe ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, lakini Sisibo bado inasikika.

Kikao kikifungwa saa kumi jioni, mgeni amebakiwa na zaidi ya saa mbili za mwanga. Zinatosha kutembea hadi Sosiani, au kwenda Maili Nne, kwenye barabara ya kuelekea Uganda, ambako jina lenyewe ni kipimo cha umbali na Kiswahili cha madereva wa malori yatokayo Mombasa kinakutana na cha wenyeji. Aliye na nusu siku afike Iten, kilomita zipatazo 35, alitazame Bonde la Kerio kutoka ukingoni. Wengi huenda huko kwa ajili ya wanariadha. Mwanaisimu ana sababu yake ya kusikiliza magari yanapojaza abiria.

Kuna tahadhari moja. Eldoret na vijiji vyake viliumizwa vibaya na machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na mauaji ya kanisani Kiambaa tarehe 1 Januari 2008 hayajasahaulika. Kumwuliza mtu "Wewe ni wa wapi?" si swali jepesi hapa, hata likitoka kwa mtafiti mwenye nia njema. Ni afadhali mgeni aanze na jina la mahali: kwa nini Maili Nne, ni nani bado husema Sisibo, na mto uliitwaje zamani. Mwenyeji mwenyewe ataamua mazungumzo yaende hadi wapi.