Kinalazwa au Analazwa? Imani ya Kalasinga na Ngeli za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, kujibu nako kuna mitego yake, hasa swali linapohusu imani. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mtu anayeieleza dini yake kwa Kiswahili hulazimishwa na ngeli zenyewe kuamua jambo la kiimani kabla hajaikamilisha sentensi. Mfano wetu ni dini ya Sikh, ambayo mwandishi amezaliwa na kulelewa ndani yake hapa Kenya. Data yetu ni mazungumzo yaliyofanyika katika basi la kutoka Mombasa kwenda Nairobi.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, mwenyeji wa Mombasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha kila mmoja akashika lake. Tulipoipita Voi, alikitazama kilemba changu, akasema: "Mwanangu, uniwie radhi. Nyinyi Makalasinga mwaabudu nini hasa? Nimesikia mwaabudu kitabu."

2.0 Jina na Kilemba

Baadhi ya wenzangu hukereka wakiitwa Makalasinga. Mimi sikereki, mradi jina lisitamkwe kwa dharau. Masimulizi ya Wahindi wa Kenya hulihusisha na Kala Singh, mfanyabiashara wa zama za reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ambayo vibarua wake wengi walitoka Punjab. Singh maana yake ni simba. Ufanano wa maneno hayo mawili ni sadfa tu, kwani simba ni neno la Kibantu.

Kuhusu kilemba, Kiswahili kilikuwa kimenitangulia. Mswahili humpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya heshima, mwanafunzi anapohitimu. Mama alipoona kuwa kwetu pia kilemba ni heshima, na kwamba chini yake mna nywele tusizozikata, hakuhitaji ufafanuzi zaidi.

3.0 Mtego wa Ngeli

Swali la kitabu ndilo lililonitoa jasho. Kwa haraka nilijibu: "Kama nyinyi mlivyo na Mtume na msahafu, nasi tuna Guru na Guru Granth Sahib." Mama aliridhika. Nami niliridhika, ingawa nilikuwa nimempotosha.

"Basi huyo Guru wenu alifariki lini?" akauliza.

Nilimweleza kuwa walikuwa kumi, kuanzia Guru Nanak (1469–1539) hadi Guru Gobind Singh, aliyefariki mwaka 1708.

"Na sasa hamna Guru?"

"Tunaye, mama."

"Yuko wapi?"

Hapo ulimi ulikwama. Niseme "ni hiki" au "ni huyu"?

Ikumbukwe kwamba kabla ya kifo chake Guru Gobind Singh aliagiza kuwa baada yake hapatakuwa na Guru mwanadamu. Maandiko ndiyo yatakayokuwa Guru daima. Kwa hivyo, katika gurudwara, Guru Granth Sahib huwekwa chini ya chandarua na kupepewa kwa usinga. Usiku huenda kupumzika. Tazama sentensi hizi mbili:

(a) Kitabu kinafunguliwa asubuhi, kinafungwa usiku.
(b) Guru anaamshwa asubuhi, analazwa usiku.

Sentensi (a) inaeleza anachokiona mgeni. Sentensi (b) inaeleza anachokitenda muumini. Tendo ni lile lile, ila kiambishi kimebadilika, na pamoja nacho imani yote. Hata hivyo, (b) nayo ina hatari yake: msikilizaji anaweza kudhani kwamba karatasi ndiyo mungu wetu. Sivyo. Guru ni Neno lililomo. Karatasi na jalada hubaki katika ngeli zao.

Sarufi ya Kiswahili haiuoni uhamisho huu kuwa kioja. Nomino kiongozi na kipofu zina umbo la KI-VI, lakini twasema kiongozi amefika, wala si kimefika. Uhai hushinda umbo. Nilimwambia mama: "Sisi twasema analazwa."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe hamwabudu kitabu. Mwamwamkia mwalimu."

Miaka yangu yote ya masomo haikuwa imenipa sentensi hiyo. Neno guru lenyewe lina maana ya mwalimu, nami nilikuwa nimelikimbia neno la kawaida nikaenda kuazima mtume.

4.0 Pale Lugha Inapokarimu

Aidha, yapo mambo ambayo Kiswahili huyaeleza kwa wepesi. Sisi twaamini Mungu mmoja asiye mume wala mke. Mfasiri wa Kiingereza hutaabika hapo kuchagua kiwakilishi. Kiswahili kina Yeye, na imetosha. Hali kadhalika, Sahib ni ndugu wa sahibu, yote mawili kutoka Kiarabu, ingawa kwetu humaanisha mtukufu na kwa Mswahili ni rafiki. Mama alifurahi zaidi kusikia kuwa ndani ya maandiko yetu zimo tungo za Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya Kisufi.

Tulipokaribia Makindu, ilipo gurudwara iliyojengwa mwaka 1926, nilitaka kumweleza langar, mlo ambao msafiri wa dini yoyote huupata bila malipo. Nilianza kusema sadaka, akanikatiza: "Nimewahi kula pale. Ile si sadaka, mwanangu. Sadaka ina mkono wa juu na wa chini. Pale tuliketi sote sawa, kama watu wa sinia moja."

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba istilahi za dini katika Kiswahili zimejengwa zaidi na Uislamu na Ukristo. Muumini wa dini nyingine hujikuta akivaa nguo ya kuazima. Tunapendekeza kwamba watunzi wa kamusi na wahadhiri wetu wawasikilize waumini wenyewe wanapoteua upatanisho, na waumini nao wasikimbilie mlinganisho kwa kuwa ni mwepesi. Zaidi ya hayo, tumsikilize muulizaji. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa dini yangu, lakini maneno yake mawili yaliyofaa zaidi, mwalimu na sinia, niliyapewa na mgeni.