Aliyevunjika Mbavu Asifungwe Kifua

Chepseon ni mji mdogo wa Kericho, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru. Nchi hiyo ni ya vilima na mvua nyingi. Mtu akiteleza katika shamba la chai, akipigwa teke na ng'ombe wakati wa kukamua, au akianguka kutoka pikipiki, mara nyingi huumia mbavu. Yafaa basi kila mtu ajue namna ya kumtunza mgonjwa wa namna hiyo.

Binadamu ana mbavu 24, yaani 12 kila upande. Zamani hata hospitalini mgonjwa alifungwa kifua kwa kitambaa cha kukaza, kama vile mkono uliovunjika ufungwavyo. Siku hizi madaktari wameacha desturi hiyo. Ubavu kwa kawaida hupona wenyewe kwa muda wa majuma 6 hivi. Jambo la kuogopwa ni pafu lililo chini yake. Mgonjwa aliyefungwa, au aliyeachwa na maumivu makali, huvuta pumzi kidogo kidogo na hujizuia kukohoa. Makohozi hukaa ndani, na homa ya mapafu huingia.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wazee. Mwaka 2000 Dk. Eileen Bulger na wenzake wa Seattle, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Waliona kwamba kila ubavu mmoja zaidi uliovunjika uliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 19, na ya homa ya mapafu kwa asilimia 27. Kwa hiyo mzee asiambiwe avumilie tu nyumbani.

Tena isidhaniwe kwamba picha ya eksirei huonyesha kila ufa, nyingi hazionekani. Daktari hupapasa kifua na kusikiliza pumzi, na picha humsaidia hasa kujua kama hewa au damu imelizunguka pafu. Mbavu za chini zikiumia, huangalia pia ini na bandama.

Mgonjwa hupewa dawa ya maumivu ili apate kupumua vema. Akae wima, atembee, avute pumzi ndefu mara 10 kila saa awapo macho, na akikohoa akumbatie mto kifuani. Akishikwa na homa, akihema kwa shida, akitema damu, au tumbo likimwuma, arudishwe hospitali bila kukawia, usiku au mchana.