Anayetaka kuacha pombe asifungiwe chumbani

Kama nyumbani kwako hapo Saadani yupo aliyezoea tembo la mnazi au gongo, na sasa anasema anataka kuacha, usimfungie chumbani ukidhani umemsaidia. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukikatiwa ghafla hudhurika. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, na ndani ya siku 2 za mwanzo anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Wengine siku ya 3 huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Mpelekeni kwanza hospitali ya Bagamoyo, zipo dawa za kumvusha.

Baada ya hapo anahitaji wenzake. Vikao vya walioacha ulevi vilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili wakiwa walevi. Hakuna ada, sharti ni nia ya kuacha tu. Bagamoyo na Zanzibar zipo nyumba ziitwazo soba hausi. Zinajulikana zaidi kwa vijana wa unga, lakini nenda ukaulize siku ya kikao na kama wanapokea mtu wa pombe anayetoka nyumbani.

Nauli ikishinda, hata watu watatu wakikutana kila wiki baada ya Alasiri ni kikao. Yanayosemwa humo yabaki humo. Na maimamu wetu, tafadhali, msimtaje mtu kwenye hotuba ya Ijumaa. Akiaibishwa pale, msikitini harudi na kikaoni haendi.