Kileo, Dawa na Usukani: Somo Kutoka Jimbo la Utah

Mwaka 2017 bunge la jimbo la Utah, nchini Marekani, lilipitisha sheria ya kupunguza kiwango cha kileo kinachoruhusiwa katika damu ya dereva kutoka gramu 0.08 hadi gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu. Sheria ilianza kutumika tarehe 30 Desemba 2018, na hakuna jimbo jingine nchini humo lililokuwa limeweka kikomo hicho.

Mwaka 2022 mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani ilitoa utafiti wake. Mwaka 2019, ajali zenye vifo kwa kulinganisha na umbali uliosafiriwa zilikuwa zimepungua Utah kwa asilimia 19.8 kuliko mwaka 2016. Kwingineko nchini zilipungua kwa asilimia 5.6. Zaidi ya mnywaji mmoja kati ya watano alisema amebadili mwenendo wake, hasa kwa kupanga usafiri wa kurudi nyumbani kabla ya kunywa.

Hata hivyo, kikomo cha sheria si mpaka wa usalama. Uangalifu na uamuzi wa dereva huanza kudhoofika kabla ya kufikia 0.05. Tena ini huondoa kileo polepole, wastani wa gramu 0.015 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Mtu mwenye 0.15 saa sita usiku huweza kuwa bado na 0.06 saa kumi na mbili asubuhi, ingawa amelala na kuoga. Kahawa haiharakishi kazi hiyo.

Sheria ya Utah inahusu dawa pia. Dereva aliyelemewa na dawa kiasi cha kutoweza kuendesha kwa usalama hawezi kujitetea kwa cheti cha daktari. Dawa za usingizi, diazepamu, kodeini na baadhi ya dawa za mzio huleta usingizi na kuchelewesha mwitikio; zikichanganywa na kileo, madhara huzidi.

Kwa hiyo mhudumu wa afya, unapotoa dawa ya namna hii, muulize mgonjwa: “Je, unaendesha gari au pikipiki?” Nawe mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Sema kazi yako, uliza ni lini utaweza kurudi kwenye usukani, wala usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mara nyingi ipo dawa mbadala, au saa nyingine ya kuimeza.