Mlango wa Kutafuta Jambo la Kuandika

Amma baad. Mwanafunzi wangu mmoja alinambia: "Maalim, nataka kuandika, lakini sioni la kuandika, wanavyuoni wamekwisha yasema yote."

Nikamjibu: Mtazame Abu Shujaa, ambaye matini yake twaisomesha kila mwaka. Mwanzo wa kitabu asema kuwa baadhi ya rafiki zake walimtaka awafanyie mukhtasari wa fiqhi ya Shafii, uwe mwepesi kwa mwenye kuanza. Na Imamu Shafii mwenyewe, Mungu amrehemu, aliiandika Risala kwa kutakwa na Abdurrahman bin Mahdi. Hawakungoja fikira iwashukie, waliulizwa, wakajibu.

Nawe juzi, baada ya alasiri, hukuulizwa mlangoni pa msikiti? Mtu babake amekufa na deni, na nduguze wataka kugawana nyumba kabla haijalipwa. Ulimjibu kwa ulimi, ukaenda zako. Je, ni nyumba ngapi mtaani petu zimegawanywa vivyo hivyo, na mwenye haki yake angoja Kiyama? Basi liandike hilo: maziko kwanza, kisha deni, kisha wasia usiopita thuluthi, ndipo mirathi. (Na kilichowekwa rahani kina hukumu yake, hutangulia hata maziko, usikisahau, wengi hukisahau.) Ukimaliza niletee niusome kabla haujenda chapani.